Mafuta ya Kiriri

Sehemu ya Tisa

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, Esteri alikuwa amefunua blanketi na kumkuta mwanawe amelegea, macho nusu wazi, maziwa yakimtoka puani. Alimwita. Alimtekenya nyayo. Mtoto hakulia.

Leo hatuna muda wa kusalimiana. Twende.

"Imma! Imma we! Mana yanje, Mungu wangu!"

Alimwinua. Kichwa kilimwangukia begani, na yale mashavu yaliyosifiwa na kata nzima yakaning'inia tu. Mwili ulikuwa wa baridi na una jasho.

"Mama! Njoo umwone mtoto!"

Mama mkwe wake, Ndayikunda, alitoka jikoni mbio, mikono ameiviringisha kwenye kitenge kama ilivyo kawaida yake siku hizi. Alimtazama mjukuu. Kisha akamtazama mkwewe kwa macho makali.

"Nilikwambia usimwachishe mafuta. Nilikwambia! Mwana wanje alikuwa amejaa, anang'aa. Umeyatupa chooni, sasa ona!"

"Yana sumu, mama! Baba Imma mwenyewe ndiye aliyesema!"

"Sumu gani inanenepesha mtoto?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa Kitahana tangu hadithi hii ianze. Ubaya wake ni kwamba aliyeuliza hakutaka jibu, na aliyeulizwa hakuwa nalo.

Kwa wewe uliyeliazima gazeti hili kwa jirani leo, sikiliza haraka. Imma alizaliwa mdogo mno, mwembamba, wa kutia huruma. Kwao, familia iliyotoka Burundi enzi za mababu na kubaki hapa, mama aliyejifungua hukaa ndani, kwenye kiriri, kitanda cha uzazi. Bibi wa mtoto ndiye anayeogesha na kupaka mafuta, mama hagusi kopo. Wanawake huja guhemba, yaani kumpongeza mzazi kwa chakula na kinywaji. Siku mtoto anapotolewa nje hupita mikononi mwao mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimpima uzito kwa viganja vyake. Mtoto mwepesi ni aibu ya bibi.

Basi Imma alitolewa nje akiwa bonge. Shingo haionekani, ngozi imetakata mpaka inametameta. Vigelegele! "Mnampaka nini jamani?" Ndayikunda akachota mafuta kwenye ndoo, akawagawia kwenye vikopo. Tangu siku hiyo hakuna nyumba yenye kichanga Kitahana isiyo na kikopo hicho.

Halafu wiki iliyopita Bazilio, mume wa Esteri, akarudi kutoka Kasulu kwenye biashara yake ya maharage na habari ya kutisha. Wakaguzi wa vipodozi wamefika mkoani. Mafuta ya watoto yana sumu. Na sumu yenyewe, akasema, inatoka dukani kwa Swaumu, yule mama wa vipodozi sokoni Kibondo. Vijana wakalipiga mawe duka la Swaumu. Mnakumbuka. Wengine wenu mlinitumia ujumbe kushangilia, na ujumbe wenu ninao mpaka leo.

Basi. Esteri alimfunga mwanawe kifuani, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita. Ndayikunda akapanda nyuma yake bila kukaribishwa.

"Baba Imma yuko wapi?" dereva aliuliza.

"Anazunguka nyumba hadi nyumba anachoma makopo. Twende!"

Na kweli, njiani waliona moshi mweusi wa plastiki ukipanda nyuma ya migomba, hapa mmoja, pale mwingine. Esteri aliuona akajisikia fahari. Alijisemea kwamba mume wake angalau ni mwanaume anayefanya kitu.

Kumbuka fahari hiyo. Tutairudia.

Hospitalini Kibondo walipokelewa na Daktari Mwajabu, mwanamke mfupi mwenye ushungi wa kijani na sauti isiyobembeleza mtu. Alimlaza Imma mezani, akamvua nguo, akaminya shavu kwa kidole. Alipapasa tumbo. Ngozi ilikuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na kwenye paji la uso vimeota vinywele.

"Pimeni sukari. Haraka."

Nesi alitoboa kisigino, akasoma kipimo. Daktari akamnyang'anya, akasoma mwenyewe.

"Leteni dripu ya sukari. Na sindano ya haidrokotisoni, sasa hivi! Mama, mtoto anapakwa nini?"

"Alikuwa anapakwa mafuta," Esteri alisema. "Lakini nimemwachisha! Niliposikia yana sumu niliyatupa yote chooni."

"Ghafla?"

"Siku ile ile."

Daktari alifumba macho kidogo, kisha akashika bomba la sindano, akatafuta mshipa kwenye mkono ule mnono. Akachoma, akakosa. Akachoma tena.

"Sikiliza. Huyu mtoto hajanenepa. Amevimba. Kwenye mafuta hayo kuna dawa kali ya ngozi, dawa ya mtu mzima mwenye ugonjwa, ya kuandikiwa na daktari na kupakwa kidogo kwa muda mfupi. Kichanga ukimpaka mwili mzima inaingia mpaka kwenye damu. Uso unajaa, tumbo linajaa, watu wanapiga vigelegele."

"Kwa hiyo nilifanya vizuri kuitupa?"

"Ulifanya ambavyo angefanya mtu yeyote mwenye akili. Lakini mwili wa mtoto una tezi zinazotengeneza kitu kama hicho hicho, kidogo kidogo, cha kumfanya aishi. Tezi zimeona dawa inaingia kila siku kutoka nje, zimelala. Ukiiondoa dawa ghafla, mtoto anabaki hana chochote. Hapunguziwi na mama nyumbani. Anapunguziwa hapa, taratibu, na sisi."

Esteri alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo nimemuua mimi."

"Hajafa. Na usilie, nahitaji uongee. Nani mwingine anapaka mafuta hayo?"

"Kitahana yote."

"Nao wameacha?"

Esteri alifungua mdomo, na moshi ule mweusi ukamrudia machoni. Fahari yote ikamtoka.

"Mume wangu," alisema. "Mume wangu anachoma. Tangu juzi anawaambia wote waache."

Nimekaa mjini na vijijini, nimeona madaktari wakigomba. Sijawahi kusikia ukelele kama alioutoa Daktari Mwajabu pale. Alimtuma nesi ampigie mwenyekiti wa kijiji, apige kengele ya kanisa, atume vijana wenye pikipiki, afanye lolote. "Waambieni wasichome! Walete watoto! Mtoto na kopo lake, vyote viwili! Asiyekuja leo asinililie kesho!"

Esteri alitolewa nje ya chumba. Na hapo mlangoni, kwenye benchi, alikaa nani?

Swaumu. Kichwa kimefungwa bandeji, baibui lina damu iliyokauka begani. Jiwe la Kitahana lilimpata juu ya jicho.

Esteri hakufikiri. Alimkwida shingoni.

"Umeniulia mtoto! Wewe na biashara yako!"

"Niachie," Swaumu alisema bila kuinuka. "Niachie kabla sijasahau kwamba una mgonjwa."

"Unauza sumu!"

"Mimi? Dukani kwangu mwanangu, kila kitu kina jina la aliyekitengeneza. Kina tarehe. Kina maandishi ya vilivyomo. Mteja akija na kikopo mkononi anataka nimpimie, namfukuza, na wananiita mwenye maringo. Hao wakaguzi unaowasikia nimewaita mimi! Nimechoka kuona akina mama wanaingia dukani na vichanga vyenye nyuso kama maboga wakiniuliza kama ninayo yale mafuta mazuri ya Kitahana. Ya Kitahana, unasikia? Si ya Swaumu!"

Mikono ya Esteri ilishuka yenyewe.

"Aliyesema ni yako..." alianza.

"Namjua aliyesema. Nilikuja kufungwa kidonda, nikaona mwanawe akiingizwa. Ndiye ninayemngoja."

Kabla Esteri hajauliza zaidi geti lilijaa pikipiki. Mama wa kwanza aliingia na pacha wawili, mmoja anatapika. Wa pili aliingia anakimbia. Wa tatu alikuwa peku, khanga imefunguka, na mtoto wake alikuwa kimya kama Imma. Wote watoto mabonge. Wote walikuwa wamepigiwa vigelegele.

Nina hasira, wasomaji wangu, na sitaificha. Tumefundishana kwamba mtoto mzuri ni mnono na mweupe, na anayetaka kutuuzia chochote anatujulia hapo hapo. Mfuko wa mbolea tunauliza umetoka wapi. Betri ya redio tunauliza ni ya kampuni gani. Kitu cha kumpaka kichanga mwili mzima, asubuhi na jioni, tunapokea kwenye kikopo cha mafuta ya mgando kilichooshwa na tunashukuru.

Daktari Mwajabu alitoka akiwa na jasho.

"Makopo yako wapi?"

Akina mama walitazamana. "Baba Imma amechoma yote, daktari. Hata la kwangu lililokuwa limefunguliwa jana."

"Hakuna hata moja? Sikilizeni, lazima nijue ni dawa gani na ina nguvu kiasi gani. Na kama wameweka zebaki, hiyo ya kung'arisha ngozi, basi na figo zimo hatarini. Nikikosea hapa nitawapoteza hawa watoto. Nani anayatengeneza?"

Akina mama wakageukia ukutani, kwa aliyewagawia vikopo.

Daktari aligeuka, na jicho lake likatua kwa Ndayikunda, aliyekuwa amejibanza ukutani, mikono ndani ya kitenge.

"Bibi, kwa nini hujatoa mikono tangu umeingia?"

"Nasikia baridi, mama."

"Na jua hili?"

Daktari hakungoja. Alikivuta kitenge. Esteri alitazama mikono iliyomwogesha mwanawe tangu siku ya kwanza, na ilikuwa kama hajawahi kuiona. Ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mabaka meupe kwenye viganja, madoa ya damu chini ya ngozi, nyufa kwenye vidole.

"Hii ni mikono ya mtu anayekoroga dawa hiyo kila siku bila glovu," daktari alisema polepole.

Ndayikunda alikaa chini sakafuni.

"Ego," alisema. "Ndiyo, nilikoroga mimi."

"Mama?" Sauti ya Esteri ilikuwa ndogo.

"Alizaliwa mwembamba. Walipokuja guhemba niliwasikia mlangoni. Walisema mukazana wangu, huyu mke wa mwanangu, hana maziwa. Walisema mimi mzee sijui kulea. Nikachukua mafuta yangu ya mise, haya ya kokwa za mchikichi tuliyopakwa sisi sote, nikakamulia ile dawa ya tyubu ndani yake, nikakoroga kwa mkono. Akaanza kujaa. Esteri, alijaa! Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu!"

Esteri alitaka kumpiga. Nawaambia ukweli, alitaka kumpiga mama mkwe wake mbele ya watu, jambo ambalo kwao halisemeki. Alikunja ngumi, akaiuma.

"Tyubu umezitoa wapi, bibi?" daktari aliuliza.

"Naletewa."

"Na nani?"

Ndayikunda aligeuza kichwa. Alikuwa anatazama geti.

Bazilio alikuwa anashuka kwenye pikipiki yake, uso umejaa masizi, ananuka plastiki iliyoungua. Alikuja amenyanyua mikono, shujaa kabisa.

"Imekwisha! Tumechoma yote, hakuna hata kopo moja limebaki! Na huyo Swaumu..." Akamwona Swaumu. Akakatika.

"Malizia," Swaumu alisema. "Nakusikiliza, Bazilio. Waambie kwamba uliniletea tyubu zako dukani kabla ya mvua, nikakutimua."

"Mwongo huyu!"

"Baba Imma," daktari aliingilia, "sina nafasi ya ugomvi wenu. Mwanao yuko ndani, sukari imeanza kupanda lakini hajalia bado. Nahitaji tyubu moja tu. Unayo?"

Huo ndio wakati, wasomaji wangu, ambapo mwanaume anapewa mlango wa kutokea. Tyubu moja. Aseme ninayo, aitoe, mengine yafuate baadaye.

Bazilio alilamba midomo.

"Mimi nitaitoa wapi, daktari?"

Kutoka pale sakafuni Ndayikunda akasema, kwa upole, kama anavyomwita mwanawe kula: "Uliniambia ni vitamini, mwanangu."

"Mama, nyamaza."

"Uliniambia ni vitamini ya ngozi ya watoto wa Kasulu. Nami nikakuamini."

"Mama, nimesema nyamaza!"

Sasa Esteri alielewa moshi. Ule haukuwa wa baba aliyekasirika. Ulikuwa wa mtu anayeficha, na alikuwa anaficha mbele ya kijiji kizima huku kijiji kinampa kiberiti.

Alimpita mumewe bila neno, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki. Nyuma ya siti palikuwa na mkoba wa turubai umefungwa kwa mipira ya tairi.

"Mama Imma! Usiguse huo!" Bazilio alimkimbilia. "Esteri, ninakwambia!"

Swaumu alinyoosha mguu. Sitasema alikusudia. Bazilio alikwenda chini kifudifudi kwenye changarawe, na akina mama walimzingira kabla hajainuka.

Esteri alifungua mpira wa kwanza, wa pili. Ndani zilikuwemo tyubu, mpya, zimepangwa kwenye maboksi madogo, na maandishi madogo madogo ambayo hakuna bibi wa Kitahana ambaye angeyasoma. Alimrushia daktari boksi moja. Daktari alisoma mara moja tu, akageuka na kukimbia wodini.

Chini ya maboksi palikuwa na bunda la karatasi za rangi. Lebo. Zimetoka kiwandani karibuni, bado zinanukia wino. "TUNU YA MTOTO," ziliandikwa. "Kwa afya na uzuri wa mwanao."

Na katikati ya kila lebo palikuwa na picha ya mtoto mchanga bonge, mashavu yamefunika shingo, anacheka, nyuma yake wanawake wameinua mikono.

Esteri aliijua ile picha. Bazilio aliipiga kwa simu yake siku walipomtoa Imma kiriri. Alisema ni ya kumbukumbu.

Alizishika zile lebo mikono miwili akarudi walikomzingira mumewe.

"Ulijua?"

Bazilio aliinua uso wenye mchanga. Nimejaribu mara nyingi kumwandikia jibu jingine, la toba au hata la uongo mzuri. Hili ndilo alilolitoa:

"Si alinenepa?"

Kofi lililofuata halikuwa la Esteri. Ndayikunda alikuwa ameinuka. Alimpiga mwanawe usoni kwa nguvu zake zote za uzee, na ngozi ya kiganja chake ikachanika pale pale, damu ikabaki shavuni kwa Bazilio. Hakuna aliyemzuia.

Kutoka wodini kikasikika kilio. Chembamba, cha kukwaruza, cha mtoto mwenye hasira ya njaa.

"Imma!" Esteri alipiga hatua kuelekea mlangoni, machozi yameanza kumtoka.

Na simu ikalia. Ilikuwa ya Bazilio, imemwanguka kwenye changarawe, kioo kinawaka: *Nestori Kasulu*.

Bazilio alinyoosha mkono. Esteri akaikanyaga ile simu kwanza, kisha akainama, akaipokea, akaiweka sikioni bila kusema kitu.

"Kaka, vipi?" sauti ya kiume ilichangamka upande wa pili. "Huku mambo moto. Nipo Titye na mzigo, makopo yamejazwa tayari. Akina mama wamejaa uani na vichanga vyao tangu asubuhi, wanataka yale ya mtoto bonge. Zimebaki lebo tu. Unazileta lini?"

Esteri alitazama mlango wa wodi, ambako mwanawe alikuwa bado analia. Akaitazama sura ya mwanawe iliyojaa mikononi mwake. Akamtazama Swaumu, na Swaumu alikuwa ameshasimama, anafunga baibui lake vizuri, simu yake mwenyewe mkononi, anatafuta namba ya wakaguzi.

"Kaka? Baz? Upo?"

"Usimpake mtoto yeyote," Esteri alisema. "Ngoja hapo hapo. Nazileta mimi."